Shangazi nijibu: Navaa gauni nikiwa peke yangu. Ni burudani tu, au ndivyo nilivyo?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili hivi napenda kuvaa nguo za kike. Hadharani sivai. Navaa nyumbani nikiwa peke yangu, mara moja au mbili kwa mwezi, saa mbili au tatu, halafu narudisha kila kitu sandukuni na kufunga. Mara mbili nimetupa vyote nikijiapiza kwamba basi, imetosha. Haukupita hata mwaka nikaanza kununua upya.

Zamani kulikuwa na ashiki ndani yake, sikufichi. Siku hizi ashiki imepungua, ninachopata zaidi ni utulivu, na hilo ndilo linalonitisha. Kama si ashiki, ni nini? Mitandaoni wengine wanasema ni burudani kama uvuvi au kukusanya stempu. Wengine wanasema mwanamume anayevaa kike miaka yote hii ni mwanamke asiyetaka kujikubali. Sijawahi kujichukia kwa kuwa mwanamume, lakini siwezi pia kusema kwamba ninapovaa nacheza tu.

La pili, nikijitazama kwenye kioo sipendi ninachokiona. Gauni linabana mabegani na kupwaya kiunoni, sidiria inapanda juu, na nikipaka faundesheni uso unakuwa wa kijivu, hasa kidevuni. Naishia kuvua kwa huzuni. Sijui huzuni hiyo ni ya kutokuwa mwanamke au ni ya kuonekana kituko.

La tatu, mke wangu hajui. Nimwambie? Na nimwambie nini hasa, ilhali mwenyewe sijui?

Mwenye Sanduku

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Sanduku.

Nitaanza na la katikati, maana ndilo linalokupotosha katika la kwanza. Unataka kuisoma nafsi yako kwenye kioo, na kioo kinakuonyesha gauni lisilokutosha. Hata aliyezaliwa mwanamke, akivaa nguo iliyokatwa kwa mwili wa mwingine na kujipaka rangi isiyo yake, atavua kwa huzuni. Ondoa kwanza kasoro za nguo na za vipodozi. Huzuni itakayobaki baada ya hapo ndiyo ya kuulizwa maswali.

Chukua futi ya fundi cherehani. Kiuno cha suruali zako sicho kiuno cha gauni. Inama ubavuni, pale mwili unapokunjika, mara nyingi kidogo juu ya kitovu, ndipo gauni linapotaka kukaa. Nyonga zipime mahali palipo panene kuliko pote, matako yakiwemo, kwa kawaida sentimita 18 hadi 20 chini ya kiuno hicho. Pima kifua, kisha mgongo kutoka mfupa wa bega hadi bega. Namba ya lebo isikushughulishe, kwa kuwa kila kiwanda kina namba zake. Linganisha sentimita kwa sentimita. Nunua gauni linaloyatosha mabega, halafu kiuno apunguze fundi. Kinyume chake hakifanyiki, kwa sababu kitambaa cha kuongeza mabegani hakipo. Shingo ya V na mkono ulioungwa kuanzia shingoni hupunguza upana wa mabega. Mkono uliofura begani huuongeza, na ndio huo wanaouanza wengi kwa sababu unaonekana wa kike zaidi ukiwa bado umetundikwa dukani.

Sidiria inapanda kwa sababu mkanda wake umelegea. Pima chini ya kifua ukiwa umetoa pumzi: hicho ndicho kipimo cha mkanda. Tofauti kati ya hapo na kifua kilichojazwa ndiyo inayotoa herufi ya kikombe, takriban sentimita 2.5 kwa kila herufi. Usikimbilie vikombe vikubwa. Kwenye kifua cha mwanamume B inatosha, na matiti bandia ya silikoni yana uzito: jozi ikikaribia kilo mbili, shingo na mabega vitalalamika kabla ya saa mbili kwisha. Sponji za kujazia nyonga ziwe nene sentimita 2 hadi 3 katikati, na kingo uzikate taratibu mpaka ziishe kabisa, la sivyo mstari utaonekana chini ya sketi. Zivalie soksi ndefu za kubana, jozi mbili. Kosa la kawaida ni kuziweka juu ya mfupa wa kiuno. Zinatakiwa kukaa chini zaidi, pale ulipopima nyonga.

Sasa huo ukijivu. Ndevu hata zikinyolewa mizizi yake huonekana chini ya ngozi kama kivuli cha bluu. Faundesheni ikipakwa moja kwa moja juu ya bluu hutoa kijivu, na ikiwa nyeupe kuliko ngozi yako ndiyo inazidi. Dawa yake ni rangi ya kinyume. Ngozi nyeupe hutumia ya pichi, ya maji ya kunde hutumia rangi ya chungwa, nyeusi hutumia chungwa iliyokolea hadi wekundu wa matofali. Nyoa baada ya kuoga maji ya moto, mara ya kwanza kufuata nywele zinakoelekea, ya pili kwa kukata upande. Subiri nusu saa ngozi itulie. Paka rangi hiyo kwenye kivuli tu, tabaka jembamba, kwa kugongagonga na ncha ya kidole. Tia poda kavu, ngoja dakika chache, kisha faundesheni kwa sponji yenye unyevu, nayo kwa kugonga. Ukisugua, rangi ya chini inapanda juu na uso mzima unageuka chungwa. Rangi ya faundesheni ichagulie kwenye taya mchana, karibu na dirisha, si kwenye kiganja wala chini ya taa ya dukani.

Wigi pimia mzunguko wa kichwa. Nyingi hutengenezwa kwa kichwa cha wastani cha kike, na cha mwanamume mara nyingi huhitaji saizi kubwa. Ikibana hupanda nyuma, mwenyewe akaivuta mbele hadi ikakaribia nyusi. Acha vidole vinne kati ya nyusi na mwanzo wa nywele. Viatu vya namba za Ulaya urefu wake ni uleule kwa wanaume na wanawake, kinachopungua ni upana; anza na kisigino kinene cha sentimita 3 hadi 5. Wapo wanaobana sehemu za siri kwa tepe zisijitokeze chini ya gauni; nywele za huko zisikutane na tepe ya mabomba hata siku moja, maana inabandua ngozi. Chupi mbili za kubana zinatosha, na ganzi au maumivu ni amri ya kuvua. Halafu acha kujipiga picha kwa mkono ulionyooshwa. Kamera ikiwa karibu hukuza pua na kidevu. Iweke mita mbili, tumia kihesabu cha muda, ndipo utajiona jinsi mtu mwingine angekuona.

Fanya hayo mara tatu au nne, kisha ndipo tuzungumze juu ya huzuni. Wako watakaogundua kwamba imekwisha kabisa, kumbe tatizo lilikuwa gauni. Wako watakaoona wamependeza kuliko walivyotarajia, na saa ya kuvua ndiyo ikawa nzito zaidi. Hizo ni habari mbili tofauti.

Hadithi ya stempu siipendi. Mvuvi hatupi ndoano zake akijiapiza hatavua tena samaki. Lakini ile ya pili, kwamba kila avaaye kike ni mwanamke anayejificha, siipendi zaidi, kwa sababu inamnyima mtu nafasi ya kujichunguza. Daktari Mjerumani Magnus Hirschfeld, aliyeandika kitabu kizima kuhusu watu kama wewe mwaka 1910, aliona kwamba wengi wa aliowaeleza walikuwa wanaume wanaopenda wanawake, na akatenganisha uvaaji na mapenzi ya jinsia moja. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 11 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imeuondoa uvaaji wa aina hii katika magonjwa. Orodha hiyohiyo inayo hali ya mtu ambaye jinsia anayoihisi haipatani na aliyoandikiwa alipozaliwa, lakini inasema wazi kwamba mavazi na mapendeleo peke yake hayatoshi kumhesabia mtu hali hiyo. Kwa hiyo sanduku lako, hata lingejaa vipi, si ushahidi. Ushahidi uko kwenye siku ambazo sanduku limefungwa.

Nunua daftari. Kwa wiki 12 andika, na usiandike siku za kuvaa peke yake. Wewe unavaa mara moja au mbili kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitatu itakupa rekodi tatu hadi sita za kuvaa, ambazo ni chache mno. Siku usizovaa ziko nyingi, na ndizo zinazosema zaidi. Kila hamu inapokuja andika saa, kilichoitangulia (ugomvi, uchovu, upweke, raha, ashiki), na ulichokitamani hasa. Hapo pa mwisho usiandike “kuvaa” halafu ukafunga. Je, ulitamani kitambaa kwenye ngozi? Sura iliyopambwa? Kupumzika usiwe mtu wa kutegemewa kwa saa mbili? Au ulitamani mtu akuite kwa jina la kike na kukuchukulia hivyo? Siku za kuvaa ongeza mambo mawili: hali yako nusu saa baada ya ashiki kupita, na hali yako asubuhi ya kesho yake ukiwa na nguo za kazini.

Mwisho wa wiki 12 soma ukitafuta kinachojirudia. Hamu ikifuata uchovu na ugomvi, ikaisha ukishapumzika, nawe hukumbuki nguo wakati wa likizo njema, hiyo inaelekea upande wa burudani na faraja. Kama daftari limejaa mambo yasiyohusu nguo kabisa, yaani ndevu zinakukera hata Jumatatu ofisini, sauti yako mwenyewe inakushtua kwenye simu, ukiitwa “baba” au “mzee” kuna kitu kinajikunja, na unawaonea wanawake wivu wa maisha yao kuliko wa magauni yao, hapo tunazungumzia jambo la ndani. Wataalamu wa akili wa Marekani huangalia kama uchungu wa namna hiyo umedumu angalau miezi 6 na unamkwamisha mtu katika maisha yake. Jioni moja mbaya haihesabiwi.

Kupungua kwa ashiki, hilo unaloliogopa, mimi silihesabu upande wowote. Ashiki hupungua na umri kwa kila mtu na kwa kila jambo, na kitu kilichofanywa miaka 29 hupata mazoea yake. Utulivu unaobaki unaweza kuwa wa mtu aliyevua majukumu, unaweza kuwa wa mtu aliyefika kwake. Daftari litautenganisha. Vilevile, kuona aibu na kuvua haraka baada ya ashiki si hukumu. Aibu ni ya malezi, na wapo waliokuja kujitambua kuwa wanawake ambao walianza hivyohivyo.

Kuna jaribio linalopendwa sana: kama kungekuwa na kitufe cha kukugeuza mwanamke milele, bila madhara, ungekibonyeza? Mimi silipendi, kwa sababu ndoto isiyo na gharama kila mtu huikubali, na mwanamke wa kwenye ndoto hiyo siku zote ni kijana, mzuri, na amevaa. Jiulize lililo gumu zaidi. Jifikirie mwanamke wa miaka 68, nywele zimepungua, amevaa khanga iliyopauka, yuko kwenye foleni ya kupima presha, na hakuna anayemtazama. Ukimfikiria huyo ukaona bado ndiye wewe, andika. Ukiona raha yote imekwisha, andika pia.

Na jibu si lazima liwe moja kati ya mawili. Msanii Mwingereza Grayson Perry alipokea tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 2003 akiwa amevaa gauni la kitoto, na amebaki mwanamume, mume na baba, huku akiendelea kuvaa. Mchekeshaji Eddie Izzard alivaa kike jukwaani kwa miongo mingi, na ni mwaka 2020 ndipo alipoanza kutumia viwakilishi vya kike vya Kiingereza, yaani “she” na “her”. Mwaka 2023 akaongeza jina la Suzy. Wote wawili wangeulizwa swali lako wakiwa na miaka 41 wangejibu kadiri walivyojijua wakati huo, na hakuna ambaye angekuwa anadanganya.

Jambo moja usilifanye likawa kipimo: vidonge vya homoni vya kununua mwenyewe. Estrojeni, yaani homoni ya kike, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, matiti yakishaota hayarudi, na uzazi unaweza kuharibika. Hiyo ni njia ya waliokwisha kuonana na daktari na kupimwa damu.

Kutupa vitu nako acha. Kutupa hakujawahi kuiondoa hamu, kunaondoa nguo tu, na mara zote mbili umelipa upya. Siku ukijisikia kuchoma kila kitu, funga sanduku, liandike tarehe, lisifunguliwe siku 90. Ukishindwa umejua kitu. Ukiweza na usilikumbuke, umejua kingine.

Kuhusu mke wako, ushauri wangu ni umwambie, lakini si wiki hii. Maliza daftari kwanza ili uwe na cha kumwambia. Jihadhari kama unamtegemea kwa makazi au kuna hatari ya kudhuriwa. Hapo anza na mshauri. Ukiamua, mwambie mchana, watoto wakiwa hawapo, hamjagombana, nawe ukiwa umevaa kama kawaida yako. Usianze na picha, wala usimtokee umevaa. Jicho litaona kabla sikio halijasikia, na picha hiyo haitafutika. Sema kwa ufupi: “Mke wangu, kuna jambo langu la tangu utotoni ambalo ningepaswa kukwambia kabla ya ndoa. Napenda kuvaa nguo za kike nikiwa peke yangu. Sina mtu mwingine. Najichunguza nijue lina maana gani.” Kisha nyamaza.

Atakuuliza kama unapenda wanaume, kama unataka kuwa mwanamke, kama unamwacha, na nani mwingine anajua. Jibu unachojua, na usichojua mwambie hukijui bado. Usiape kwamba halitazidi hapo kamwe. Kiapo hicho ndicho kinachovunja ndoa miaka mitano baadaye, kuliko gauni lenyewe. Nguo zake usiguse, na kama uliwahi kuzitumia, akikuuliza ukubali. Halafu mpe wiki kadhaa bila kuongeza lolote. Wanaovaa wanaujua ukungu wa waridi, ile raha ya kichwani inayompata mtu baada ya siri kutoka, akataka kuvaa kila siku, kununua kila kitu na kuzungumza hilo tu. Mwenzio bado yuko kwenye mshtuko, wewe uko harusini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu mambo yaliyokuwa yameanza vizuri. Baadaye mkae mpange: saa zipi, chumba kipi, chumbani kwenu ndiyo au hapana, fedha kiasi gani kwa mwezi, watoto, na picha.

Picha hasa. Kabla hujapiga hata moja, zima hifadhi ya kiotomatiki ya simu na zima eneo kwenye kamera, kwa sababu picha hujipakia yenyewe mpaka kwenye kompyuta ya familia, na ndani yake zimeandikwa mahali zilipopigwa. Na kama siku moja utataka kutoka nje umevaa, soma kwanza sheria ya mahali ulipo. Kuna nchi zinazolihesabu kosa la jinai.

Ukitafuta mshauri nasaha, mpigie simu kabla ya kulipa umuulize mawili: amewahi kuhudumia watu wenye maswali ya jinsia, na lengo lake litakuwa nini kwako. Akisema atakuponya, au akakupa jibu la wewe ni nani kabla hata hamjaonana, shukuru ukate simu, umpigie mwingine.

Shangazi